Mficha Uchi Hazai: Mazoezi, Hedhi na Wajibu wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu aeleze shida yake ili asaidiwe, pasipo kuhusishwa na uzazi wenyewe. Hata hivyo, ipo mada moja ambayo kwayo methali hii ni kweli neno kwa neno: afya ya hedhi ya wasichana wanaofanya mazoezi na ya wale wasiofanya.

Katika shule, vyuo na kambi za riadha za humu nchini, husikika kauli mbili za kunong'onezana. Ya kwanza hudai kwamba msichana aliye hedhini hapaswi kukimbia wala kuruka, asije akajidhuru. Ya pili hudai kwamba mwanariadha ambaye hedhi yake imekatika amebahatika, kwani mwili wake umeiva kwa mashindano. Kauli hizi zinapingana kwa sura, lakini ni mapacha kwa asili: zote mbili zimezaliwa na ukimya. Ya kwanza humnyima msichana tiba isiyomgharimu hata senti. Ya pili humwibia mifupa yake kabla hajajua kwamba anaibiwa.

Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, kwamba mazoezi ya mara kwa mara ni rafiki wa hedhi, mradi chakula kiende sambamba nayo. Pili, kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana ruhusa ya kuliachia jambo hili madaktari peke yao, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara yake hutokana na upungufu wa maneno.

Hofu ya jana

Hofu ya kwamba mbio humharibia mwanamke uzazi si ya Kiafrika wala si ya leo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928, wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Baada ya mbio hizo, habari zilizotiwa chumvi zilienezwa kwamba wakimbiaji walianguka ovyo kwa uchovu, na mbio hizo zikaondolewa katika ratiba ya wanawake hadi Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960. Marathoni ya wanawake nayo haikuingizwa katika Olimpiki hadi mwaka 1984 kule Los Angeles. Muda huo wote, mwili wa mwanamke ulijadiliwa na wasiokuwa nao.

Historia imewajibu. Mbio zile zile za mita 800 zilizofungiwa mlango kwa miaka 32 ndizo zilizompa Pamela Jelimo nishani ya dhahabu mjini Beijing mwaka 2008, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuipata nishani hiyo katika Olimpiki. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarejea uwanjani, na akatwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 na ile ya Paris ya mwaka 2024. Iwapo mbio ni adui wa uzazi, basi adui huyu ana tabia za ajabu.

Ajabu ni kwamba hofu ile iliyofukuzwa viwanjani ingali inaishi madarasani. Kipindi cha mazoezi ya viungo kinapofika, msichana aliye hedhini huketi kando ya uwanja. Wakati mwingine ni kwa sababu anaumwa kweli, na hapo hapana wa kumlaumu. Wakati mwingine ni kwa sababu hana sodo ya kutegemewa. Kenya iliondoa kodi ya thamani ya ziada kwa sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikafanyiwa marekebisho ili serikali iwape wasichana wa shule bidhaa hizo bila malipo. Hizo ni hatua za kusifiwa, ila baina ya sheria na begi la mwanafunzi kuna safari ndefu. Na wakati mwingine msichana huketi kando kwa sababu tu ameambiwa kwamba mazoezi yatamdhuru. Sababu hii ya tatu ndiyo inayoweza kuondolewa kwa maneno matupu, bila bajeti wala msaada wa wahisani.

Mazoezi yanapokuwa dawa

Maumivu ya hedhi yasiyotokana na ugonjwa mwingine husababishwa hasa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi hutolewa na ukuta wa ndani wa mji wa mimba unapobanduka, nazo huufanya msuli wa mji huo ukaze kwa nguvu hata damu inayoulisha msuli wenyewe ipungue. Hapo ndipo msichana hukunjamana kitandani. Kwa karne nyingi wanawake wa pwani wameyaita maumivu ya namna hii chango, wakayatafutia mizizi na majani. Neno hilo peke yake ni ushahidi kwamba Waswahili hawakuyapuuza maumivu haya wala hawakuyaona kuwa deko.

Mwaka 2019, shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima tafiti za kitabibu kutoka kote duniani, lilichapisha tathmini ya tafiti kuhusu mazoezi na maumivu ya hedhi. Tathmini hiyo ilionyesha kwamba mazoezi ya dakika 45 hadi 60, yakifanywa mara tatu au zaidi kwa wiki, yanaweza kuyapunguza maumivu kwa kiasi cha kuhisika. Wakaguzi hao walikiri kwamba tafiti walizozipima zilikuwa na udhaifu, na uungwana unadai jambo hilo lisemwe. Hata hivyo, tiba ambayo haina gharama, ina madhara machache, na inaujenga moyo na mapafu kwa wakati mmoja haihitaji ushahidi wa kiwango cha mahakama ndipo ijaribiwe. Si lazima yawe mbio za kushindana. Kutembea kwa kasi, kunyoosha viungo, kuendesha baiskeli na kucheza ngoma yote yamo.

Aidha, wapo wasichana ambao hedhi yao huja kwa kusuasua kutokana na hali ambayo ovari huwa na vijifuko vingi na homoni za kiume huzidi kiasi. Wengi wao miili yao huwa haiitikii ipasavyo homoni ya insulini. Mazoezi huufanya mwili uitikie insulini vyema zaidi, na kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa kuhusu hali hiyo huyaweka mazoezi na lishe miongoni mwa hatua za mwanzo kabisa za matibabu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17, na dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa watu wazima. Mwanafunzi wa chuo ambaye siku yake yote ni kiti cha maktaba, kiti cha ukumbi wa mihadhara na kiti cha matatu, yu mbali na kiwango hicho.

Mazoezi yanapozidi chakula

Sasa igeuzwe sarafu. Upande wa pili una msichana asiyekaa kitako. Huamka alfajiri katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, akakimbia kilomita kumi kabla ya kifungua kinywa na nyingine tano jioni. Ameambiwa kwamba wepesi ni kasi, naye huchota ugali kwa ncha za vidole. Baada ya miezi michache hedhi yake husita.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ni mbio zenyewe zinazoikata hedhi. Mnamo mwaka 1998, mtafiti Anne Loucks wa Marekani na wenzake walionyesha vinginevyo. Wanawake waliofanya mazoezi makali huku wakilishwa vya kutosha, mapigo ya homoni inayoziamuru ovari hayakuvurugika. Waliopunguziwa chakula, yalivurugika. Kosa basi si la miguu bali ni la sahani. Mwili hufanya hesabu kama mama mwenye nyumba wakati wa njaa: hulipia kwanza moyo, ubongo na misuli, kisha huahirisha gharama zinazoweza kungoja. Uzazi ni miongoni mwa gharama hizo. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupunguza amri zake, ovari hunyamaza, na kiwango cha homoni ya estrojeni hushuka.

Hesabu hii inaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote. Chukua msichana mwenye uzito wa kilo 50, ambaye kilo 40 kati ya hizo si mafuta. Wataalamu hukadiria kwamba mwili wake unahitaji takribani kilokalori 45 kwa kila kilo ya uzito usio mafuta, yaani 1800 kwa siku, mbali na zile za mazoezi. Akikimbia kilomita 15, hutumia takribani kilokalori 750. Akila chakula cha kilokalori 1800 pekee, kinachobaki baada ya mbio ni 1050, yaani takribani 26 kwa kila kilo. Kiwango cha 30 ndicho ambacho chini yake, kulingana na utafiti wa Loucks na mwenzake wa mwaka 2003, homoni za uzazi zilianza kuvurugika katika muda wa siku tano tu. Miili hutofautiana, na kiwango hicho si ukuta wa mawe, lakini funzo ni bayana: msichana huyu hali kidogo kwa macho ya wenzake, ila kwa macho ya mwili wake yumo katika ukame.

Madhara yake hayaishii kwenye hedhi. Estrojeni ndiyo hulinda mifupa. Msichana hujijengea sehemu kubwa mno ya akiba yake ya mifupa kabla ya kufika umri wa miaka 20, na akiba isiyowekwa wakati huo ni vigumu kuirudisha baadaye. Mkimbiaji Mary Cain wa Marekani alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi alivyoshinikizwa apunguze uzito, akakosa hedhi kwa miaka mitatu, na akavunjika mifupa mitano. Wataalamu wa tiba ya michezo nchini Marekani walikuwa wameipa hali hii jina tangu mwaka 1992, wakiunganisha lishe haba, hedhi iliyokatika na mifupa dhaifu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipanua dhana hiyo ili ihusishe moyo, kinga ya mwili, hisia na hata wanariadha wa kiume.

Kenya haikuepuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wasichana wakimbiaji nchini ulibainisha kwamba hitilafu za hedhi na upungufu wa nishati zilijitokeza zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa wenzao wasio wanariadha. Matokeo hayo yalichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la kitaaluma la ng'ambo. Swali la wana wa Kiswahili ni hili: yule msichana aliyepimwa, mama yake anayeuza maziwa, na mkufunzi wake aliyeishia kidato cha nne, waliyasoma wapi?

Lugha inapokosa neno

Hapa ndipo wajibu wa Kiswahili unapoingia. Lugha hii ina hazina pana ya maneno kuhusu hedhi. Msichana anapoanza, amevunja ungo. Anapokuwa katika siku hizo, yumo mwezini au yumo hedhini. Anapofika umri wa utu uzima na damu isirudi, amekoma hedhi. Lakini msichana wa miaka 17 ambaye hedhi yake imesita kwa miezi minne, pasi na mimba wala uzee, anaitwaje? Lugha ya kila siku ina jibu moja tu: amepitisha siku zake, maana yake ana mimba. Kwa hiyo msichana huyo huwa na hiari mbili. Akisema, atashukiwa. Akinyamaza, atasifiwa kwa wembamba wake. Aghalabu hunyamaza.

Wapo watakaopinga kwamba mambo haya hayafai kuandikwa, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya haya na tafsida ni pambo lake. Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa. Hata hivyo, inachanganya vitu viwili. Tafsida ni njia ya kusema; ukimya ni njia ya kutosema. Mswahili wa kale alitumia tafsida ili mazungumzo yaendelee. Unyagoni, mwari aliyevunja ungo alikabidhiwa somo wake, naye alifunzwa usafi, hesabu ya siku na mwenendo wa mwili, kwa maneno, kwa nyimbo na kwa ngoma iliyokitikisa kiuno kisawasawa. Bi. Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini nyumbani alijulikana vilevile kwa ngoma ya unyago. Palikuwa na faragha, naam, ila hapakuwa na ukimya.

Isitoshe, madarasa ya dini katika upwa wetu yamefundisha mambo haya kwa usahihi wa kupigiwa mfano. Hedhi hutofautishwa na nifasi, ambayo ni damu ya baada ya kujifungua, na zote mbili hutofautishwa na istihadha, ambayo ni damu itokayo nje ya utaratibu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hedhi ina kima cha chini cha mchana mmoja na usiku wake, na kima cha juu cha siku 15. Mwanamke anatarajiwa azijue siku zake na azihesabu. Lugha iliyoweza kubeba hesabu hiyo kwa karne kadhaa haiwezi kusingiziwa kwamba haina uwezo wa kubeba sayansi ya hedhi. Kilichopungua si uwezo wa lugha bali ni bidii ya wenye lugha.

Zipo dalili kwamba ukuta wa ukimya unapasuka. Katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, mwogeleaji Fu Yuanhui wa Uchina aliwaambia watangazaji bila kumung'unya maneno kwamba hedhi yake ilikuwa imeanza siku iliyotangulia. Humu nchini, mnamo Februari 2023, Gloria Orwoba, wakati huo akiwa seneta mteule, aliingia Seneti akiwa na doa jekundu kwenye suruali yake, akaombwa aondoke. Watu waliligawanyikia tukio hilo, na wana haki yao. Lakini lilithibitisha jambo moja: doa liliweza kusema katika Bunge la nchi yale ambayo lugha ilikuwa imeyaonea haya.

Hatua zinazofaa

Lawama bila pendekezo ni kelele. Kwanza, istilahi zihitajikazo ziundwe, zijadiliwe na zitumiwe. Kitenzi kusita, chenye maana ya kusimama kwa muda pasi na kukoma, kinaweza kutupatia usitaji wa hedhi kwa hali ya mwanariadha aliyeelezwa hapo juu. Istilahi hiyo ingemwondolea msichana shutuma ya mimba, na wakati huohuo ingemjulisha kwamba kinachosita kinaweza kurejea. Nishati inayobaki mwilini baada ya kuondoa ile ya mazoezi inaweza kuitwa nishati baki. Mwenye istilahi bora na azilete. Hiyo ndiyo kazi ya vyama vya Kiswahili, na si kuandaa makongamano ya kupongezana.

Pili, maarifa ya msingi yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa mahali yanapohitajika: kwenye mabweni, kambini na katika ofisi za michezo. Mambo yenyewe si mengi. Hedhi ya msichana anayekua huja kwa kawaida kati ya siku 21 na 45, na ya mwanamke mzima kati ya siku 21 na 35. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, au ambaye hedhi yake imesita kwa miezi mitatu, amwone daktari, awe mkimbiaji au asiwe. Maumivu yanayomzuia kuhudhuria masomo kila mwezi nayo yanahitaji daktari, si mazoezi pekee. Atumiaye vidonge vya kupanga uzazi ajue kwamba damu aionayo kila mwezi si ushahidi kwamba ovari zake zinafanya kazi, hivyo isimpumbaze. Anayepoteza damu nyingi azingatie madini ya chuma: managu, terere, maharagwe, omena na nyama, na chai isinywewe pamoja na mlo bali baadaye, kwani huzuia madini hayo yasifyonzwe vyema.

Tatu, wakufunzi wa riadha, ambao wengi wao ni wanaume, wapewe lugha ya kuulizia jambo hili kwa heshima. Mkufunzi anayeweza kumwuliza mwanariadha kuhusu goti lake anaweza pia kumwuliza, faraghani na mbele ya mwalimu wa kike ikibidi, iwapo hedhi yake inakuja kwa wakati. Aulizaye hivyo hajavunja heshima. Amemhesabu msichana kuwa mtu mzima mwenye maisha baada ya nishani.

Hitimisho

Mwili wa msichana hauna uadui na mazoezi. Una uadui na njaa, na una uadui na uongo. Msichana anayeketi kando ya uwanja kwa kuogopeshwa, na yule anayekimbia huku sahani yake ikiwa nusu tupu, wote wawili wamekosa kitu kimoja: mtu wa kuwaambia ukweli kwa lugha wanayoielewa. Somo wa unyagoni aliifanya kazi hiyo kwa kizazi chake. Kwa sasa wasichana wengi hawana somo, ila wana walimu, na miongoni mwa walimu hao wa kesho wamo wanafunzi wanaousoma ukurasa huu. Watakapokabidhiwa darasa la wasichana arubaini, mmoja wao atakuwa amenyamaza na siri yake. Wawe na neno la kumwanzia.